Alama nyeusi za onyo kwenye vyakula: mtandaoni kila mtu anasema lake, nimsikilize nani?

"Habari mtaalamu, naomba unisaidie maana nimechanganyikiwa. Siku hizi kila nikifungua simu nakutana na mabishano ya zile alama nyeusi za onyo kwenye pakiti za vyakula, zile za sukari nyingi, chumvi nyingi, mafuta mengi. Mmoja anasema kila chenye alama ni sumu na kinaleta kansa. Mwingine anasema ni vitisho tu vya serikali, mbona watu wanakula kama kawaida. Kuna mwingine anajiita mshauri wa lishe, ana wafuasi wengi, anasema hata mafuta ya zeituni na asali vimepigwa alama kwahiyo mfumo mzima ni uongo. Mimi nilianza kutupa kila chenye alama. Sasa binti yangu wa miaka 13 ameiga, anahesabu alama kwenye kila pakiti, na juzi kagoma kula usiku kisa biskuti moja aliyokula mchana. Baba yangu naye ana presha na sukari, ananicheka, anasema kisicho na alama yeye anakula bila wasiwasi. Nani mkweli hapa? Nizifuate hizi alama au niachane nazo?"

Pole dada. Kilichonigusa kuliko vyote kwenye ujumbe wako ni huyo binti kulala bila kula kisa biskuti moja. Hilo nitalifikia na nitakaa nalo, ila lazima kwanza tuelewane hiyo alama inasema nini, maana naona wewe, binti na mzee wote mnaangalia alama ile ile na kila mmoja anasoma kitu ambacho pale hakijaandikwa.

Alama ya onyo inajibu swali moja tu, tena dogo: ndani ya gramu 100 za hiki kitu, au mililita 100 kama ni kinywaji, je sukari, chumvi, kalori au yale mafuta yanayoganda vimevuka kiwango kilichowekwa? Basi. Vimevuka inapigwa, havijavuka haipigwi. Haijui wewe unakula kiasi gani, haijui una miaka mingapi, haijui jana ulikula nini, wala haijui kama humo ndani kuna protini au vitamini. Ni kama kipimajoto, kinakwambia joto limepanda, ugonjwa gani hakikwambii.

Hii ya pembe nane nyeusi walianza nayo Chile. Sheria yao ilipitishwa 2012, ikaanza kutumika Juni 2016, na umbo lake ni lile la kibao cha barabarani cha kusimama, kusudi mtu mwenye haraka, au asiyeelewa lile jedwali la namba nyuma ya pakiti, aone papo hapo. Hawakubana siku moja, walibana kidogo kidogo, 2016, 2018, alafu 2019, na mwisho wake chakula kigumu kinapigwa alama kikizidi gramu 10 za sukari, au miligramu 400 za sodiamu (ndiyo iliyomo kwenye chumvi), au gramu 4 za mafuta yanayoganda, au kalori 275, yote hayo kwa kila gramu 100. Kwa vinywaji sukari inakatwa kwenye gramu 5 kwa mililita 100. Peru wakafuata 2019, Mexico na Israel 2020, na Israel wao wanatumia duara jekundu. Argentina wakapitisha sheria yao 2021, Brazil wakaanza 2022 na picha ya kioo cha kukuzia, Afrika Kusini wakatoa rasimu yenye pembetatu nyeusi 2023, Canada wakawapa wenye viwanda mpaka Januari 2026. Nakutajia hizi nchi kwa sababu moja: vipimo vyao havifanani. Mexico kwa mfano hawaangalii gramu za sukari peke yake, wanaangalia sukari iliyoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, inachangia asilimia ngapi ya nguvu yote (kalori) ya chakula, ikifika 10 unapigwa. Kwahiyo klipu ya mtu wa nchi moja analalamikia alama ya kwao, inasheyiwa dunia nzima, inakufikia wewe bila hata kutajwa ni ya wapi, na wewe unaipima pakiti uliyoshika mkononi kwa malalamiko ambayo hayaihusu kabisa.

Na hapo ndo tunafika kwa huyo mshauri wa mafuta ya zeituni. Yale mabishano ni ya kweli yalikuwepo, ila hayakuwa ya alama nyeusi. Yalikuwa ya Nutri-Score, ule mfumo wa herufi kutoka A mpaka E wenye rangi za kijani mpaka nyekundu ulioanza Ufaransa 2017. Kule mafuta ya zeituni yaliwahi kupewa D, yakapandishwa C, na kwenye marekebisho ya hesabu ya karibuni yakafika B, na watu wa nchi zinazozalisha zeituni na jibini walichachamaa sana, Italia wakaja na mfumo wao kabisa. Alama nyeusi ni kitu kingine. Chile sheria inagusa vyakula vilivyoongezwa sukari, chumvi au mafuta, kwahiyo chupa ya mafuta ya zeituni peke yake au asali peke yake haipigwi, na Mexico nao mafuta ya kupikia, asali, sukari yenyewe na chumvi vimeondolewa kwenye orodha, maana anayenunua mfuko wa sukari anajua amenunua sukari. Sasa huyo ndugu amechukua kesi ya mfumo mmoja akaihukumia mfumo mwingine, na kwa vile anaongea kwa kujiamini na ana wafuasi, nani atamuuliza?

Tuje kwenye sumu na kansa. Hapana dada, alama haisemi hivyo. Nadhani watu wanachanganya na maonyo ya kwenye sigara, ambayo kweli yanataja kansa, na ukiangalia rangi nyeusi na herufi kubwa ni rahisi akili kukimbilia huko. Alafu viongozi nao walichochea, 2020 Mexico, miezi michache kabla alama hazijaanza, Hugo López-Gatell ambaye alikuwa naibu waziri wa afya aliziita soda sumu ya kwenye chupa, na unajua neno kama hilo likishatoka halirudi, watu walilibeba wanaomuunga mkono na wanaompinga. Ukweli wenyewe ni wa kawaida zaidi na unaudhi zaidi, kwa sababu hauna mtu wa kumlaumu kwa siku moja. Sukari, chumvi na mafuta haya yanaumiza kwa wingi na kwa muda. Chumvi ikizidi kila siku mwili unashika maji, presha inapanda, na mishipa inaumia taratibu bila wewe kusikia chochote kwa miaka. Sukari ya kunywa inaingia haraka na haishibishi, kwahiyo unaongeza juu ya chakula chako badala ya kupunguza. Mafuta yanayoganda yanapandisha ile lehemu mbaya kwenye damu. Unene ukija juu ya hayo, ndiyo, unaongeza hatari ya baadhi ya kansa, hilo siwezi kulificha, lakini kutoka hapo mpaka kusema biskuti moja ni sumu ni mbali sana.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani miligramu 2000 za sodiamu, wakati wastani wa dunia kwa hesabu zao ni karibu gramu 11. Sukari iliyoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula, ambayo kwa mtu wa kalori 2000 ni kama gramu 50, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Sasa chukua soda ya kawaida, nyingi zina gramu 10 hadi 11 kwa mililita 100, chupa ya nusu lita peke yake imeshamaliza hizo 50 za siku nzima. Alama pale inakuambia kitu cha maana. Ila kijiko cha mchuzi wa chupa wenye alama ya chumvi, unachoweka mara moja kwa wiki, hiyo alama ni ya kweli lakini haistahili kukukosesha usingizi. Umeona tofauti? Alama ni ile ile, maisha yako ndo yanaamua uzito wake.

Kuna komenti nyingine maarufu sana, kwamba "mimi sili gramu 100, wangepima kwa ninachokula". Inaonekana ya akili, lakini fikiria nani anaamua kiasi cha kula kinachoandikwa kwenye pakiti. Kama mtengenezaji yuko huru kuandika kipande kidogo anachotaka, namba zote zinashuka bila yeye kupunguza hata punje ya sukari. Gramu 100 ni ile ile kwa wote, ndo maana unaweza kushika pakiti mbili za aina moja ukazilinganisha hapo hapo.

Sasa hili la "vitisho tu, watu wanakula kama kawaida". Hapa naomba unisikilize taratibu maana ndo mahali mtandao unadanganya zaidi, tena bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Mtandaoni kinachopanda juu ni kile kinachofanya watu wajibu, na watu hujibu haraka wakikasirika au wakicheka. Mtu mzima akihisi anapangiwa cha kula, kitu cha kwanza anachofanya ni kujitutumua, anapiga picha ananunua chenye alama nne anaandika "leteni ya tano". Huyo anapata maelfu ya likes. Wengine walitengeneza picha za utani, wakawabandika alama wapenzi wao wa zamani, bosi, mbunge. Wengine wakaomboleza kabisa, kwa sababu Chile sheria iliondoa pia vikaragosi vya kuvutia watoto kwenye maboksi ya nafaka, na mayai ya chokoleti yenye kidude cha kuchezea ndani yakatoka madukani, na mtu aliyekulia na kile kikaragosi anaona kama utoto wake umefutwa, na mimi siwacheki hao, chakula kimebeba kumbukumbu za watu. Lakini hebu jiulize, yule aliyesimama mbele ya rafu, akaona alama tatu huku na moja kule, akachukua ya moja akaenda zake nyumbani, yeye ataandika posti ya nini? Hana cha kuposti. Mabadiliko ya kweli kwenye hii kitu ni ya kimya, kwahiyo ukipima kwa komenti utaona hasira na utani tu, ukipima kwa kikapu cha manunuzi unaona kingine.

Na kikapu kimepimwa. Watafiti waliofuatilia manunuzi ya kaya kule Chile walichapisha 2020 kwamba vinywaji vyenye alama vilinunuliwa pungufu kwa asilimia 23.7 ukilinganisha na hali ambayo ingetarajiwa bila sheria. Mwaka uliofuata wakaangalia vyakula na vinywaji vyote kwa pamoja, wakakuta sukari iliyonunuliwa imeshuka kama asilimia 10, sodiamu kama 5, na kalori kwa jumla asilimia 3 na nusu hivi. Ukubwa wa hizo namba uuone ulivyo, sio muujiza na sio bure. Kuna kingine ambacho wabishi wengi hawakigusi kabisa: viwanda vyenyewe vilibadilisha mapishi ili kukwepa alama. Kabla ya sheria bidhaa 51 kati ya 100 zingestahili angalau alama moja, baada ya hatua ya kwanza tu ikawa 44. Maana yake hata yule jamaa wa "leteni ya tano", ambaye hasomi alama na hatazisoma, kuna vitu anakula leo vimepunguzwa chumvi au sukari na yeye hana habari.

Ila niseme na upande wa pili kwa haki. Chile hawakuweka alama peke yake. Sheria ile ile ilikataza kutangaza vyakula hivyo kwa watoto chini ya miaka 14 na kuviuza mashuleni, na kodi ya vinywaji vya sukari nyingi ilikuwa imeshapandishwa kabla. Kwahiyo anayekuambia alama peke yake ndo zilifanya yote hayo anazidisha. Na kupungua kwa manunuzi sio sawa na kupungua kwa unene au kisukari, hayo yanachukua miaka mingi na yana sababu nyingi, mtu asikuahidi hapo.

Kuhusu hao wanaojiita washauri, nakuomba uwe na tabia moja: kabla hujaamini, uliza nani anamlipa. Sisemi kila mtu ananunuliwa. Lakini Novemba 2023 FTC, ile tume ya Marekani inayolinda walaji, iliandikia barua za onyo vyama viwili vya wafanyabiashara, kimoja cha vinywaji na kingine cha sukari, pamoja na wataalamu wa lishe na washawishi wa afya 12, kwa sababu walikuwa wanaposti video za kusifia usalama wa kitamu bandia au kutetea vyakula vya sukari bila kuweka wazi vya kutosha kwamba wamelipwa. Watu wenye vyeti kabisa. Na upande wa pili pia wapo, huyo anayekutisha na kansa angalia chini ya video yake kama hakuna kiungo cha kununua unga wa kusafisha mwili. Woga unauza sawasawa na utetezi.

Mzee sasa. Mwambie kwa heshima kwamba kucheka kwake kuna hatari kuliko kutupa kwako. Kwake yeye pakiti isiyo na alama sio ruhusa. Kwanza alama ya sukari inahesabu sukari, haihesabu wanga. Mkate mweupe unaweza usiwe na alama hata moja ya sukari, na bado ukifika tumboni wanga wake unageuka sukari kwenye damu, kwahiyo mtu mwenye kisukari lazima asome jedwali la nyuma, mstari wa wanga wote, au aambiwe na mtaalamu wake kiasi gani kwa mlo. Pili chumvi. Kitu kinaweza kuwa na miligramu 390 za sodiamu, hakina alama kwa kipimo cha Chile, na mzee anakila mara tatu kwa siku. Hesabu ni rahisi, zidisha sodiamu kwa mbili na nusu unapata chumvi, miligramu 400 ni gramu 1 kamili. Vitu vya kila siku kama mkate ndo vinajaza kikombe kimya kimya kuliko kile kimoja chenye alama anachokula sikukuu. Tatu, vingi vilivyokimbia alama ya sukari vimekimbilia vitamu bandia. Chile ilionekana wazi matumizi yake yaliongezeka baada ya sheria, na Mexico ndo maana wameweka maandishi kwamba kina vitamu bandia, hakifai kwa watoto. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri ule haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari, kwahiyo kwa mzee hilo aongee na daktari wake.

Na kuna jambo moja la mzee ambalo watu wa kutupa kila chenye alama mnaweza kuua mtu nalo bila kujua. Kama anatumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, iko siku sukari inaweza kushuka, chini ya 70 kwa mashine za mg/dL, au 3.9 kwa zile za mmol/L, atatetemeka, jasho jembamba, atachanganyikiwa. Saa hiyo soda yenye alama au juisi ndo dawa, kama gramu 15 za sukari ya haraka, subiri robo saa, pima tena. Akiwa amezimia au hawezi kumeza usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Kwahiyo nyumbani kwenu kitu kimoja cha sukari kibaki, tena mahali kinapojulikana. Na msimnunulie zile chumvi mbadala zenye potasiamu kabla hamjamuuliza daktari, kwa mtu ambaye figo zimeguswa au anakunywa dawa fulani za presha zinaweza kuwa hatari kwa moyo. Presha ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, na kifua kinauma, au uso umepinda, au maneno hayatoki vizuri, hiyo ni dharura, msisubiri asubuhi.

Sasa binti.

Dada, miaka 13 ni umri mwili unajenga kwa kasi, mifupa, damu, hedhi inaanza au imeshaanza, unahitaji nguvu na madini ya chuma kuliko wakati mwingi wa maisha yake. Na ni umri ule ule ambao mtoto anatazama mwili wake kwa macho ya wengine. Ukimpa kitu cha kuhesabu chenye rangi nyeusi na neno la kutisha, mtoto mwenye mwelekeo wa wasiwasi anaweza kukigeuza sheria ya ndani: alama moja nimekosea, nikikosea nijiadhibu. Kugoma chakula cha usiku kwa sababu ya biskuti ya mchana ni adhabu, sio lishe. Sisemi ameshaugua, na sitaki ulale na hofu hiyo, mtu hawezi kupima mtoto kwa ujumbe. Alama hazikuzaa hilo peke yake, kuna video anazoangalia, kuna maneno ya wenzake, na samahani nikisema, kuna kuona mama anatupa vyakula jalalani. Wewe ulikuwa unalinda familia, yeye alisoma kwamba chakula ni adui.

Kwahiyo anza na wewe, acha kutupa. Kilichopo ndani kiliwe taratibu au kisinunuliwe tena, bila hotuba. Unaponunua, linganisha vitu vya aina moja, chukua chenye alama chache kama bei na ladha vinakufaa, na ukifika nyumbani weka kabatini, mada imeisha. Mezani msizungumzie alama kabisa kwa sasa, wala uzito wa mtu yeyote, hata wako mwenyewe, maana wasichana wanasikia mama akisema nimenenepa kuliko wanavyosikia mama akisema wewe ni mzuri. Kuleni pamoja kila inapowezekana. Akigoma usimshike kwa nguvu na usimbembeleze kwa zawadi, mwekee chakula, kaa naye, mwambie tu kwamba mwili wake unahitaji chakula cha usiku hata kama mchana alikula biskuti kumi. Alafu siku mmetulia, mwombe akuonyeshe video anazoangalia, bila kumnyang'anya simu, muulize hizi zinakufanya ujisikieje. Utashangaa atakuambia nini. Simu inaleta zaidi ya kile unachokikodolea macho, kwahiyo mfundishe kubonyeza hataki kuona za aina hiyo, na muanze kutazama vingine pamoja.

Usingoje mwezi. Kama ndani ya wiki moja au mbili bado anaruka milo, anakata vyakula aina kwa aina, anakwenda chooni kila baada ya kula, anafanya mazoezi kwa siri au kwa lazima, amepungua uzito au ameacha kuongezeka kimo, hedhi imekatika, anasikia baridi wakati wengine hawasikii, mpeleke kwa daktari, na useme neno lenyewe wazi: mtoto wangu anaogopa kula. Usikubali kuambiwa tu atakua ataacha bila kupimwa uzito, kimo, presha na damu. Ukipata daktari wa watoto pamoja na mtu wa afya ya akili mwenye uzoefu na vijana ndo vizuri zaidi, mtaalamu wa lishe peke yake hapo hatoshi, na nasema hivyo nikiwa mtaalamu wa lishe. Akizimia, moyo ukimwenda mbio au polepole isivyo kawaida, akishindwa hata kunywa maji, au akitamka kutaka kujidhuru, hiyo ni siku ile ile, sio kesho.

Swali lako la mwisho, uzifuate au uachane nazo: wewe zitumie dukani kulinganisha, hasa vinywaji na vitu mnavyokula kila siku, mzee asome na nyuma ya pakiti na aende kliniki na orodha ya anavyokula kweli, na binti kwa sasa apumzishwe nazo kabisa mpaka kula kwake kutulie. Juu ya hao wanaobishana, ukiona mtu anasema kila chenye alama ni sumu au alama zote ni uongo, muulize swali moja tu, ni alama ya nchi gani na kiwango chake ni kipi, na kama hana jibu pita.